Kipande cha Nne

Mambo haya yalitokea mwaka wa 1994, katika kipupwe, siku ambazo chuma cha gereji kiliuma vidole asubuhi na mafuta ya injini yalimiminika koponi taratibu kama asali.

Mwanamke aliyeandika vipimo katika gereji ile hakuwa na cheo. Alikuwa mke wa fundi, basi. Lakini watu wa pale walimwita Mwandishi, kwa kuwa kila siku ya kazi aliketi kwenye kiti cha mbao kando ya benchi, daftari gumu magotini, penseli nyuma ya sikio, akisubiri mumewe ataje nambari. Mume alitaja, mke aliandika. Hati yake ilikuwa imenyooka, hati ya mtu aliyefundishwa na walimu waliochapa viganja kwa kosa la herufi iliyolala.

Fundi mwenyewe aliitwa Mizani. Kazi yake ilikuwa kuunda injini za magari ya mashindano, na hapakuwa na pistoni wala konrodi, ule mkono wa chuma unaoibeba pistoni, iliyopita mikononi mwake bila kulazwa kwanza juu ya mizani ndogo ya sonara, ambayo aliifunika kwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Pistoni nne zikitofautiana kwa gramu mbili, aliisugua iliyo nzito kwa tupa mpaka zote zikawa sawa. "Injini ni ndoa ya mitala," alizoea kusema. "Ukimpendelea mmoja, wote wanavunja vyombo."

Gereji ilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati palikuwa na mlango wa bati usiofungika vizuri, hivyo kila sauti ya barabarani iliingia mpaka jikoni. Magari mengi yalipita, na Mwandishi hakuyajali. Ila lilipopita gari ambalo dereva wake alibadili gia bila kuacha pengo, sauti ikipanda kutoka ya pili hadi ya tatu kama mtu anayepanda ngazi aliyoizoea, mwanamke yule aliinua kichwa. Mwiko ulisimama chunguni. Gari likishapita, kichwa kilishuka. Mwaka ule ulikuwa wa sita wa kuinua na kushusha kichwa.

Alimjua mtu mmoja tu aliyebadili gia namna ile: mdogo wake, ambaye yeye alimlea katika nyumba ile ile tangu kijana akiwa na miaka tisa, kwani yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Watu walimwita Unyoya, kwa wepesi wa mguu wake juu ya mafuta. Baada ya injini aliyokuwa akiiendesha kufa mashindanoni, walimwita Nyundo. Na baada ya hapo hawakumwita tena, maana hakuwapo.


Bwana Magodoro alifika siku ya Jumatatu, saa nne za asubuhi, akiwa amevaa koti la ngozi lililomkaba tumboni. Jina hilo alipewa kwa biashara yake. Alikuwa na maduka matatu ya magodoro, na gari moja la mashindano ambalo lilikuwa halijapata kumaliza mbele ya mtu.

"Hodi wenye chuma!"

"Karibu, tajiri," fundi alijibu, akifuta mikono.

"Nimekuja kununua kasi."

"Kasi haiuzwi kwa inchi kama godoro, bosi," alidakia Mchomeleaji kutoka banda la jirani, miwani yake myeusi ikiwa imekaa juu ya paji la uso. Huyu alikuwa mtu asiyeweza kuona kimya kikipita bila kukirushia jiwe.

"Wewe choma geti lako, usinichome mimi." Watu walicheka. Magodoro aliketi juu ya benchi la mawe lililokuwa mbele ya gereji, benchi ambalo wateja, mafundi na wapita njia walilikalia tangu enzi. "Fundi, nakuambia ninachotaka. Nataka ile ile. Krenki ndefu, konrodi fupi, pistoni za kawaida zilizopo dukani. Kama injini yako ya mwaka ule. Mimi nilisimama kona ya sita; lile gari lilipita likaninyang'anya kofia."

"Ilikuwa injini nzuri," alisema fundi polepole.

"Nzuri sana, mpaka ilipokutana na Nyundo! Dereva wangu mimi ana mguu wa kibinadamu."

Benchi zima lilicheka. Mwandishi wakati huo alikuwa anammiminia mgeni chai. Hakuacha kumimina; kikombe kilijaa, kikafurika, sahani ikajaa, chai ikafika kwenye suruali ya tajiri.

"Aa! Mama, unaniunguza!"

"Samahani," alisema. "Mkono ulipotea."

Mchomeleaji, aliyekuwa amecheka kama wenzake, alishusha miwani yake na kurudi bandani. Lakini Mwandishi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mumewe, ambaye naye alikuwa amecheka. Kicheko kifupi cha meno, macho yakiwa mahali pengine.


Kuchagua krenki, konrodi na pistoni si jambo la kutupa vyuma kapuni. Fundi alichuchumaa, akachora kwa chaki sakafuni. Kutoka kitovu cha krenki, ule mtaimbo wa chini unaozungushwa na konrodi, hadi uso wa juu wa bloku, yaani tumbo la injini lenye silinda, palikuwa na milimita mia mbili na kumi na mbili, wala hapakuongezeka hata ukiomba dua. Ndani ya urefu huo walipaswa kukaa watatu: nusu ya mwendo wa krenki, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni kutoka pini yake hadi kichwa chake.

"Ni watu watatu kwenye kitanda kimoja," alimweleza Magodoro. "Mmoja akinyoosha miguu, mwingine analala sakafuni."

"Haya, mimi nauza vitanda pia. Endelea."

"Krenki ndefu inachukua arobaini na saba. Konrodi fupi mia moja thelathini na mbili, pistoni ya kawaida thelathini na tatu. Jumla?"

"Mia mbili na kumi na mbili," alisema Mwandishi bila kuandika.

"Ndiyo ile uliyoiona kona ya sita," alisema fundi. Kisha alifuta nambari mbili kwa kiganja. "Yako itakuwa hivi. Krenki ni ile ile. Konrodi ndefu, mia moja thelathini na nane. Pistoni fupi, ishirini na saba, za kuagiza."

"Za kuagiza? Zitagharimu nini?"

"Karibu mara mbili. Na wiki sita za kungoja."

Magodoro alikuna kidevu. "Kwani ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani?"

"Haikuwa na kasoro."

"Sasa?"

"Siku zimebadilika, tajiri. Konrodi fupi inaishusha pistoni chini mno, karibu na yale mapande mazito ya krenki. Hii itakaa mbali. Utalala usingizi."

"Usingizi ndiyo biashara yangu," alisema Magodoro, akatoa bahasha ya malipo ya kwanza.

Penseli ya Mwandishi ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Alikuwa ameandika vipimo vya watatu hao kwa miaka kumi na saba, na alijua jambo moja ambalo Magodoro hakulijua: mumewe hakupata kuacha mchanganyiko uliofanya kazi. Fundi ambaye injini yake iliuawa na mguu wa dereva hubadilisha dereva. Hagusi konrodi.


Ni vyema tuueleze udongo. Kabla ya kuifunga injini yenye krenki ndefu, fundi hubandika donge la udongo laini wa rangi, ule wanaochezea watoto wa chekechea, juu ya mapande mazito yanayoisawazisha krenki. Huizungusha kwa mkono mzunguko mmoja. Pistoni inaposhuka, sketi yake, yaani upindo wake wa chini, huubonyeza udongo ule. Kisha fundi huukata kwa wembe na kupima unene uliobaki. Unene huo ndio nafasi kati ya chuma na chuma. Milimita moja na nusu ni amani. Chini ya moja ni kaburi.

Mafundi wengine wakishapima hutupa. Mwandishi hakutupa. Kila kipande alikifunga kwa karatasi, akaandika nambari ya silinda, akakiweka ndani ya kopo la maziwa lenye jina la injini. Makopo yalijipanga kwenye rafu ya stoo kama watoto kwenye gwaride. Mumewe alimtania kwamba anafuga udongo.

Mchana wa Jumatatu ile aliingia stoo, akalishusha kopo la injini ya mwaka ule. Alifungua karatasi ya kwanza: udongo wa kijani, mgumu kama sabuni ya zamani. Ya pili, kijani. Ya tatu, kijani. Aliligeuza kopo, akaligonga. Ya nne haikuwamo.

Alichukua daftari la mwaka ule. Ukurasa ulikuwa safi, hati yake mwenyewe imenyooka: silinda ya kwanza, moja na nusu, ya pili, moja na nusu, ya tatu, moja nukta sita, ya nne, moja na nusu. Nambari nne, vipande vitatu.

Aliketi juu ya gurudumu kuukuu. Kilichomjia si hasira. Kilichomjia ni siku ile, pale kwenye benchi la mawe, gari limeburutwa kwa kamba, watu wamejaa. Mumewe alikuwa amesema kwa sauti ya kusikika na wote, "Injini yangu ilikuwa nzima. Mguu ndio ulioiua." Kijana akabaki amesimama, kofia ya kuendeshea mkononi, akasema, "Shemeji, sikuvuka alama ya mizunguko." Tena akarudia, "Wallahi sikuvuka." Naye, dada yake, aliyemfundisha kusoma, alimshika mkono na kumwambia mbele ya watu wote: "Mdogo wangu, omba radhi yaishe."

Na kijana aliomba. "Nisameheni," alisema. Siku ya pili alikuja kuchukua nguo zake, naye dada alikuwa sokoni.


Fundi alikuwa akinawa kwenye pipa, povu jeusi likimfika viwikoni.

"Mume wangu."

"Naam."

"Vipande ni vitatu."

Hakuuliza vipande gani. Hapo ndipo mke alipojua kwamba ni kweli. Fundi aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata.

"Ya nne niliibadilisha asubuhi ile, kabla ya udongo," alisema hatimaye. "Ilikuwa na mkwaruzo. Wewe ulikuwa unafunga chakula cha safari. Rafuni palikuwa na pistoni moja ya seti nyingine. Nikaipima."

"Kwa udongo?"

"Kwa mizani." Alisema neno hilo kama mtu anayetema mfupa. "Ilikuja gramu kwa gramu, mke wangu, hata tupa sikuigusa. Nikasema, zikilingana uzito ni ndugu. Gari la kubeba lilikuwa linapiga honi nje. Sikujua sketi yake ni ndefu kuliko za wenzake."

"Na nambari uliyonitajia?"

"Nilitaja ya wenzake, na kwa haraka ile hukuuliza kipande."

"Ukaniandikisha uongo kwa mkono wangu."

"Nilidhani ni kweli! Nilijua baadaye, jioni ya siku ile, baada ya watu kuondoka. Nilipofungua nikaiona imegonga. Alama inang'aa kama kovu."

"Jioni. Basi kesho yake ungemfuata."

"Nilikwenda kumtafuta kwa rafiki zake. Niliporudi, ile pistoni haikuwa benchini. Aliichukua alipokuja kwa nguo zake."

Mwandishi alishika ukingo wa pipa. "Kwa hiyo anajua."

"Anajua. Miaka sita namngoja aje anitukane. Mlango ukigongwa nasema, ndiye huyo. Angekuja akanitukana mbele ya watu, ningepona. Hakuja." Fundi alitazama mikono yake. "Unadhani ni wewe peke yako unayesikiliza magari?"

Mwandishi alilitoa daftari kwapani, akaliweka juu ya benchi, na juu yake akailaza penseli.

"Tafuta mwingine wa kumtajia nambari," alisema.


Wiki tano zilipita hivyo. Chakula kilipikwa, shuka zilifuliwa, salamu zilitolewa. Lakini kiti cha mbao kilikaa kitupu. Fundi aliandika vipimo vyake juu ya vipande vya maboksi, akavipoteza, akapima upya. Aliwahi kumwomba Mchomeleaji amwandikie, na Mchomeleaji aliandika saba ambayo baadaye hawakuweza kuitofautisha na moja.

"Mwandishi amegoma?" watu waliuliza benchini.

"Anaumwa mkono," alijibu fundi.

"Mkono gani huo, mbona jana kaninyima mkopo wa chumvi kwa mikono miwili?" alisema Mchomeleaji, na wote walicheka, isipokuwa aliyeulizwa.

Wiki ya sita, pistoni zilipowasili katika boksi, Mwandishi alivaa viatu vyake vya safari, akapanda basi la alfajiri, akaenda mahali ambapo mdogo wake alifanya kazi. Mahali hapo alipajua siku zote. Mara moja kila mwaka kijana alipiga simu kwa jirani mwenye duka. "Dada, mzima?" "Mzima. Nawe?" "Mzima." Sarafu ziliishia hapo, au walisingizia kwamba zimeishia hapo.


Kambi ya ujenzi wa barabara ilikuwa na mabanda ya mabati na vumbi lililopanda mpaka kwenye nyusi. Alipouliza, msimamizi alimwonyesha kwa kidole: mtambo wa kushindilia barabara, ule wenye gurudumu la chuma kama pipa, ukitambaa mbele na nyuma juu ya kipande kile kile cha kokoto. Kasi yake isingemshinda bata mwenye haraka. Juu yake aliketi mtu aliyepata kupita kona ya sita akamnyang'anya tajiri kofia.

Alimwona dada yake kutoka mbali. Hakuuzima mtambo. Aliumaliza mstari wake mpaka mwisho, akarudi kinyumenyume mpaka mwanzo, ndipo alipozima na kushuka. Alikuwa amenenepa shingo. Nywele za mbele zilikuwa zimeanza kuaga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Huu ndio mtambo wako?"

"Ndio farasi wangu. Gia mbili: kwenda na kurudi."

Walicheka wote wawili, kisha hawakujua wakifanyie nini kile kicheko. Alimpeleka bandani kwake, chumba cha kitanda kimoja na dirisha moja. Dirishani palikuwa na pistoni, imesimama kichwa chini, ndani yake amechomeka mswaki, kalamu na kitana. Upande mmoja wa sketi yake ulikuwa umemeguka. Upande wa pili, uliobaki mzima, ulikuwa na alama nyembamba iliyong'aa.

Mwandishi alikuwa amepanga maneno tangu kituo cha basi. Yote yalimtoka. "Ulijua," alisema tu.

"Nilijua nilipoiona. Injini iliyozidishwa mizunguko haipigi chini pale. Inapiga juu, kwenye valvu. Nililelewa na Mizani mimi, siwezi kukosa kujua hilo."

"Kwa nini hukusema?"

Kijana alikaa kitandani, akaondoa mswaki, akaondoa kalamu, akaondoa kitana, kimoja kimoja.

"Nilitazama daftari, dada. Lilikuwa wazi pale benchini. Silinda ya nne, moja na nusu, kwa hati yako. Nikasema, nikiitoa pistoni hii mbele ya watu, hawataona kosa la shemeji. Wataona hati ya dada yangu. Naye atapaswa kuchagua: mimi au nyumba." Alipangusa vumbi ndani ya pistoni kwa kidole gumba. "Na nilikuwa nimekwisha kuomba radhi. Mtu haombi radhi mara mbili kwa kosa lisilo lake."

"Mimi ndiye niliyekuambia uombe."

"Ndiyo, ni wewe."

Hakulisema kwa ukali. Dada alitamani angepiga kelele.

"Rudi nyumbani," alisema. "Chumba chako kipo. Nakifagia kila Ijumaa."

"Barabara imebaki kilomita kumi na mbili."

"Unataka nini? Niambie. Nikamwambie."

Nje mtu alikuwa anapiga tairi kwa rungu.

"Sitaki kitu chake. Walikuwa watu kumi na wanne siku ile. Niliwahesabu kwa kuwa sikuweza kuwatazama nyuso. Nilitoa neno pale kwenye benchi. Mwambie hii hakuipima." Aliiweka pistoni mapajani mwa dada yake. "Mwambie aipime."


Mwandishi aliporudi hakupitia nyumbani. Aliingia gerejini, akaondoa kitambaa cheupe, akailaza ile pistoni juu ya mizani. Sindano iliyumba, ikatulia.

"Anasema uipime," alisema. "Wala si kwa hii."

Fundi aliitazama kama mtu anayemtazama aliyefufuka. Aliigusa ile alama. "Kaisafisha," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka sita, na haina hata kutu ya pini."

"Aliitia mswaki wake."

"Magodoro akisikia ataondoa kazi yake. Pesa ya kwanza imekwenda yote kwenye pistoni. Tutakula nini?"

"Tulichokuwa tukila kabla hujawa na jina."

"Na watu?"

"Siku ile walikuwapo," alisema Mwandishi. "Na wawepo."


Desturi ya gereji ile ilikuwa kwamba mwenye injini huitwa kuiona kabla chini yake hakujafungwa. Siku yenyewe Mwandishi alikuwa ameitaja kambini kwa simu ya jirani. Siku hiyo Magodoro alikuja na dereva wake, na benchi la mawe lilijaa kama kawaida, kwa kuwa injini iliyo wazi huvuta watu kama maiti. Mwandishi alikuwa kwenye kiti chake, daftari magotini. Waliomwona walikonyezana: mkono umepona.

Fundi aliwaonyesha kazi ya Magodoro; udongo mwekundu ulikatwa mbele yao, mara nne, na mara nne alitaja nambari, na mara nne iliandikwa. Hakuna iliyopungua milimita mbili. Magodoro alitabasamu mpaka kwenye masikio.

Ndipo fundi alipolivuta gunia kutoka chini ya benchi. Ndani yake mlikuwa na bloku kuukuu na krenki iliyopakwa grisi.

"Hiyo si ile ya Nyundo?" aliuliza mtu.

"Ni ile yangu," alisema fundi.

Aliilaza krenki mahali pake. Aliifunga pistoni yenye kovu kwenye konrodi yake fupi, akaishusha katika silinda ya nne. Alibandika donge la udongo wa kijani. Mikono yake, ambayo watu walizoea kuiona ikienda kama ya mshonaji, ilitafuta kila tundu mara mbili. Boliti moja ilimwanguka, na hakuna aliyecheka. Aliizungusha krenki kwa mkono, mzunguko mmoja. Aliukata udongo kwa wembe. Kipande alichokiinua kilikuwa chembamba hata jua likapenya, kikaonekana kama jani changa.

Aliweka venia, kile kipimo chake cha milimita. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Silinda ya nne," alisema, na sauti yake ilifika barabarani. "Nukta tatu."

Mwandishi alifungua lile daftari la zamani, ukurasa ule ule. Alipiga mstari juu ya moja na nusu, na kando yake akaandika: nukta tatu. Penseli ilisikika.

"Nukta tatu?" alisema Magodoro. "Hiyo ikipata moto, pistoni zikitanuka kidogo tu..."

"Zinagonga. Hata dereva angekuwa malaika. Pistoni hii sikuipima. Nilitaja nambari ya uongo, mke wangu akaiandika kwa kuniamini, na mbele yenu nikamtwisha kosa langu mtoto wa watu. Dereva hakuvuka alama. Ilikuwa ni mimi."

Kimya kilipita pale, na kwa mara ya kwanza Mchomeleaji hakukirushia kitu. Alikuwa anatazama langoni. Wengine nao waligeuka, na Mwandishi wa mwisho.

Kijana alikuwa amesimama kando ya nguzo, nguo za kambi zimejaa vumbi, mfuko begani. Kwa miaka sita dada yake alikuwa amemngojea kwa masikio, na yeye alikuja kwa miguu.

Magodoro alikuwa wa kwanza kusema. Aliinuka, akalitwaa kopo jipya la injini yake, akafungua karatasi moja moja, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Alihesabu tena. "Injini yangu nitaichukua," alisema hatimaye. "Lakini yale niliyokuwa nakusifia mjini, fundi, sitayasema tena."

"Usiyaseme," alijibu fundi.

Alivuka uwanja akiwa na kile kipande cha kijani juu ya kiganja, akikibeba kama mtu abebavyo maji. Alisimama mbele ya kijana, mahali pale pale, kati ya benchi na lango.

"Siku ile ulitoa neno hapa, shemeji. Halikuwa lako. Nakurudishia. Nisamehe."

Kijana alikitazama kile kipande. Alikiinua juani, akafumba jicho moja kama alivyofundishwa zamani katika gereji ile.

"Hata nukta tatu haifiki," alisema.

"Venia yangu imezeeka," alisema fundi, na hapo midomo yake ilimshinda.

Mwandishi alikuwa ameinuka kitini. Kopo la zamani lilikuwa mikononi mwake, limefunguliwa. Alitembea mpaka akasimama pale alipokuwa amesimama siku ile, akamshika mdogo wake mkono ule ule aliomshika siku ile, watu wakitazama. Alikuwa na maneno mengi ya miaka sita. Alilipa kwa lile moja lililodaiwa.

"Nisamehe," alisema, naye kijana akakiweka kipande cha nne ndani ya kopo.